Karatasi ya QLED iliyokatwa: kwa nini pembezoni pamegeuka bluu?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni fundi wa televisheni hapa Tanga, huu ni mwaka wa tisa. Nilipata TV ya QLED ya inchi 55 iliyopasuka kioo, nikatoa ile karatasi yake ya njano, nikaikata kwa mkasi na kuiweka kwenye TV ya mteja ya inchi 43 ya aina hiyohiyo, ambayo yake ilikuwa imechanika. Picha ilitoka safi kabisa. Baada ya miezi minne mteja amerudi: pande zote za kioo zina mstari wa bluu, upana kama urefu wa punje ya mchele, na bado unaongezeka. Mdogo wangu anayesoma fizikia chuoni anasema karatasi ile ni nanokompositi ya polima na kwamba ina sumu. Naomba kuelewa kuna nini ndani yake, kwa nini imegeuka, kama naweza kuiziba, na kama hiyo sumu ni ya kweli.

Jibu: Habari ni njema, fundi, na asante kwa kueleza tatizo kwa vipimo. Punje ya mchele kwa miezi minne ni maelezo yanayotosha kunionyesha kinachoendelea bila kuiona TV yenyewe.

Nianze na jambo ambalo pengine hukulitarajia: kosa halikuwa kukata. Karatasi hizi hutengenezwa kwa marobota marefu kama kitambaa, kisha hukatwa kiwandani kwa ukubwa wa kila TV. Hata ile uliyoitoa kwenye inchi 55 ilikuwa imekatwa pande zote nne kabla hujaigusa. Tofauti kati ya ukataji wao na wako haionekani kwa macho, lakini ndiyo iliyokula rangi. Ili uione, inabidi kwanza tuifungue karatasi.

Ishike kwa ubavu. Unene wake ni kama robo milimita, lakini ina tabaka tatu. Juu na chini ni plastiki ya PET, jamii ya ile ya chupa za maji, iliyopakwa utando wa oksaidi ya alumini au ya silikoni, mwembamba wa makumi ya nanomita tu. Katikati ni polima, mara nyingi ya jamii ya akriliki au epoksi, ambayo ilimiminwa ikiwa majimaji kisha ikagandishwa, mara nyingi kwa mwanga wa urujuanimno. Ndani ya polima hiyo zimetawanywa fuwele ndogo mno. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 70,000, na fuwele hizi zina nanomita chache tu. Plastiki iliyobeba chembe za ukubwa huo ndiyo nanokompositi ya polima anayoisema mdogo wako.

Fuwele zenyewe huitwa nukta za kwanta, na ndizo zinazoipa QLED ile herufi Q. Ni vipande vya nusu-kipitishi, jamii moja na vifaa vinavyotengenezewa transista na LED: selenidi ya kadimi katika aina moja, fosfidi ya indiamu katika nyingine, na juu yake ganda la salfidi ya zinki. Kazi yake ni kumeza mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa kijani au mwekundu. Bila shaka umeona kwamba taa za nyuma za TV hiyo haziwaki nyeupe. Ni bluu tupu, mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Karatasi hugeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani cha nanomita 530 hivi na nyekundu ya nanomita 630 hivi, na bluu isiyogeuzwa ikijumlishwa na hizo mbili ndipo tunapata weupe. Ndiyo maana karatasi yenyewe inaonekana ya njano ukiishika mchana: imemeza bluu ya mwanga wa jua na kukurudishia zilizobaki.

Kinachonishangaza hata leo, baada ya miaka mingi katika kazi hii, ni kwamba nukta za kijani na nukta nyekundu zinaweza kutengenezwa kwa madini yaleyale. Hakuna dawa ya rangi humo. Tofauti ni ukubwa tu. Elektroni iliyofungiwa ndani ya fuwele ndogo kiasi hicho hutikisika kama ngozi ya ngoma: chapuo hutoa sauti nyembamba na msondo sauti nzito, ingawa ngozi ni ya ng'ombe yuleyule. Fuwele ya selenidi ya kadimi ya nanomita 3 hivi hutoa kijani. Ikikaribia mara mbili ya hapo inatoa nyekundu. Bonge kubwa la madini hayohayo lingetoa mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, ambao macho yetu hayauoni vizuri. Anayetengeneza nukta hizi anachagua rangi kwa kuzizuia zisiendelee kukua.

Alexei Ekimov alikuwa wa kwanza kuliona jambo hili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Umoja wa Kisovieti, alipokuwa akichunguza vioo vilivyotiwa kloridi ya shaba. Louis Brus wa maabara za Bell Labs kule Marekani aliliona kwenye chembe zilizoelea ndani ya kimiminika, mwaka 1983. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wanafunzi wake wa chuo cha MIT, hukohuko Marekani, wakapata njia ya kuzikuza kwa ukubwa unaolingana, kwa kuingiza kemikali ghafla kwenye kimiminika cha moto sana. Watatu hao walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023. Lakini angalia palipo na pengo: kutoka 1993 hadi bidhaa za kwanza za kioo madukani, mwaka 2013, ilipita miaka 20. Sehemu ya miaka hiyo haikuliwa na nukta zenyewe. Iliishia kwenye kutafuta namna ya kuziweka ndani ya plastiki zikabaki hai, na sehemu hiyo ya hadithi husimuliwa kwa nadra ingawa ndiyo inayokuhusu wewe.

Plastiki ina matatizo mawili. La kwanza ni kuchanganya. Chukua tui la nazi. Maji ni maangavu, na mafuta ya nazi yakiyeyuka ni maangavu, lakini tui ni jeupe pepepe. Weupe huo hautoki kwenye rangi yoyote. Matone ya mafuta yanaupinda mwanga kwa kiwango tofauti na maji, na kwa kuwa ni makubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kila tone linautupa mwanga huku na huku. Plastiki yenye chembe hufanya vilevile. Akriliki ina kiwango cha kupinda mwanga cha 1.49, na dioksidi ya titani, ule unga mweupe wa rangi za ukutani, ina 2.5 na zaidi. Chembe zake zikiwa ndogo sana kuliko wimbi na kila moja ikikaa peke yake, mwanga unapita kana kwamba hazipo. Zikishikana madonge kama uji uliokorogwa vibaya, unapata rangi ya ukuta. Na hesabu yake haina huruma: mtawanyo wa chembe moja hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake, kwa hiyo kipenyo mara 10 ni mtawanyo mara milioni. Unga uleule, uzito uleule, ukishikana hadi kipenyo kikawa mara 10, unabaki na madonge machache mara elfu, hivyo unatawanya mwanga mara elfu moja zaidi kwa jumla.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza karibu muhula mzima kwa jambo hili. Nilinunua unga ulioandikwa kwenye kopo kuwa ni wa nanomita 20, nikaukoroga kwenye akriliki iliyoyeyushwa, nikamimina juu ya kioo, na kila utando uliokauka ulikuwa tui. Nilikoroga usiku kucha, sikupata kitu. Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba unga mkavu wa nano huwa umeshashikana tayari humo kwenye kopo, na kijiko hakiwezi kuutenganisha, wala mashine ya mawimbi ya sauti haiumalizi. Mwambie mdogo wako, kama ana mradi wa utando wa namna hii, aanze na chembe ambazo hazijawahi kukaushwa, zilizomo bado ndani ya kimiminika chake.

Kwa nukta za kwanta madonge yana ubaya mwingine uliozidi ukungu. Nukta mbili zikikaribiana hadi chini ya nanomita 10 hivi, nishati huruka kutoka moja hadi nyingine bila kutoka kama mwanga, na ikifikia nukta yenye dosari inaishia kuwa joto. Kwa hiyo donge moja linaweza kuzima nukta zilizo nzima. Dawa yake ni kuivika kila nukta manyoya: molekuli ndefu zenye kichwa kinachoshika uso wa fuwele na mkia unaoelea nje, zikizuia majirani wasisogee. Asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, ndiyo inayotumika sana wakati wa kuzikuza. Shida ni kwamba mkia huo ni wa mafuta, na polima nzuri za kuzuia hewa hazipatani na mafuta. Ndipo wanakemia wanapolazimika kubadilisha manyoya, kuweka yanayoelewana na polima, na katika mapishi mengine mkia wenyewe unajifunga kwenye polima wakati wa kuganda, hivyo nukta haiwezi tena kutembea.

Kanuni hiyohiyo ya kuchanganya kwa kipimo cha nano ndiyo inayotawala seli za jua za plastiki, ambazo mdogo wako atakutana nazo vitabuni. Humo polima inayopitisha umeme huchanganywa na molekuli za kaboni za umbo la mpira, na nishati iliyomezwa inaweza kusafiri nanomita kama 10 tu kabla ya kufa, kwa hiyo vitu hivyo viwili lazima vifumane kwa umbali huo. Kundi la mwanasayansi wa Marekani Alan Heeger lilionyesha mchanganyiko wa namna hiyo mwaka 1995. Sitaendelea nayo, mteja wako hasubiri seli za jua.

Tatizo la pili ni hewa, na hapa tumefika kwenye mstari wako wa bluu.

Nukta inayowaka ni nukta iliyo na elektroni iliyochangamka juu ya uso wake au karibu nao. Oksijeni ikifika hapo wakati huohuo, uso huungua polepole: salfa na seleni hugeuka oksaidi, manyoya hudondoka, fuwele husinyaa. Unyevu huongeza kasi, joto pia. Nukta iliyokufa haigeuzi tena bluu. Bluu inapita moja kwa moja, na jicho linaona mstari wa bluu mahali palipokuwa peupe. Hakuna rangi mpya iliyoingia. Unachokiona ni taa za nyuma zikiwa uchi.

Plastiki peke yake haizuii hewa vya kutosha. Soda ya chupa ya plastiki hupoteza gesi mapema kuliko ya chupa ya kioo, hata kizibo kikiwa kizima, kwa sababu gesi inapenya ukuta wa PET wenyewe. Karatasi ya PET tupu inaweza kupitisha gramu kadhaa za mvuke wa maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ule utando wa oksaidi ndio unaoangusha kiasi hicho hadi sehemu ya kumi au ya mia ya gramu, au chini ya hapo. Kwa hiyo juu na chini karatasi imefungwa. Ubavuni iko wazi, na iko wazi tangu kiwandani. Hewa inaingia kwa kupitia polima ya katikati, milimita kwa milimita. Watengenezaji wanalijua hilo. Wanachagua polima isiyopitisha oksijeni kwa urahisi, na inayoshika PET kwa nguvu ili pasiwe na mwanya, kisha wanauacha ukingo wa milimita moja hivi ufe, wakiuficha chini ya fremu.

Sasa mkasi. Kisu cha kiwandani hushuka mara moja, kikali, wima. Mkasi hubana karatasi huku ukiipinda; PET inavumilia kupindwa, lakini utando wa oksaidi ni kama ganda la yai, unapata nyufa. Nyufa hizo zinaingia ndani kutoka ukingoni, hazionekani hata kwa lenzi ya kawaida, na kila moja ni mlango wa juu na wa chini ambao haukuwepo. Pia mkasi hubandua tabaka kidogo kidogo, na hewa hupita kwenye ule mwanya kwa wepesi kuliko ndani ya polima. Ongeza hali ya Tanga, joto na unyevu wa bahari mwaka mzima, na TV inayokaa imewashwa saa nyingi. Punje ya mchele kwa miezi minne inaeleweka.

Kuna habari moja yenye nafuu. Kitu kinachopenya ndani ya kitu kingine kwa namna hii hupunguza mwendo kadiri kinavyokwenda mbali: umbali mara mbili unahitaji muda mara nne. Kama tabaka hazijaachana, mstari wako uliofika hapo kwa miezi minne utahitaji kama mwaka mmoja zaidi kuongeza upana uleule tena. Ukiona unakwenda kwa mwendo uleule wa mwanzo, jua tabaka zimebanduka.

Je, unaweza kuiziba? Sehemu iliyokwisha kugeuka haitarudi. Fuwele iliyooksidika haijengeki tena kwa gundi. Unachoweza ni kupunguza mwendo wa kinachofuata. Usitumie silikoni, hata kidogo. Najua ndiyo gundi ya kwanza ambayo mkono wa fundi huifikia, kwa sababu inazuia maji kwenye madirisha ya alumini na mabomba. Maji inayazuia, lakini oksijeni na mvuke hupita ndani yake kwa urahisi kuliko karibu plastiki nyingine zote. Tumia epoksi ya mirija miwili, upake ubavuni kwa wembamba, na ikikauka ukunje juu yake utepe wa alumini, ule wa mafundi wa friji, ushike milimita mbili tatu kila upande. Alumini haipitishi hewa. Ila utepe wote ubaki chini ya fremu, la sivyo utaleta kivuli cheusi mahali pa mstari wa bluu, na usiukaribie mkanda wa taa wala bodi, kwa sababu unapitisha umeme.

Kwa TV hii ya mteja, ushauri wangu ni kutafuta karatasi nyingine. Ukipata tena ya kukata, chagua pembe moja ya karatasi na uanzie hapo, ili pande mbili zibaki na makali ya kiwandani na uwe umekata mbili tu. Elekeza makali yako kwenye upande wa fremu nene, kwa kawaida chini. Ilaze juu ya kioo kilichofutwa vumbi, weka rula ya chuma, tumia wembe mpya, pita mara moja kwa mkandamizo mmoja. Usiipinde wala kuikunja. Kisha ziba kabla ya kufunga TV, si baada ya mteja kurudi.

Kuna vitu vingine vitatu ndani ya TV hizi ambavyo nimeona vikiharibiwa na mafundi hodari kwa kutojua kwamba ni sehemu ya rangi. Cha kwanza ni zile shiti za prizimu zinazokaa juu ya karatasi ya njano. Kazi yake haiishii kwenye kuongeza mwanga. Zinarudisha nyuma sehemu ya bluu ipite tena kwenye nukta, mara kadhaa, na kiasi cha nukta kimepimwa kwa kutegemea marudio hayo. Ndiyo maana pia polima ya karatasi hutiwa punje kubwa kidogo, za mikromita (mikromita ni nanomita elfu moja), zinazotawanya mwanga makusudi ili bluu izunguke njia ndefu. Ukiondoa shiti moja ya prizimu, TV nzima inaelekea bluu, na karatasi yako haina kosa. Cha pili, katika baadhi ya TV utakuta vidoa vya njano vimechapwa pembezoni mwa shiti nyeupe ya kuakisi iliyo nyuma kabisa. Huo si uchafu. Vimewekwa hapo kufidia bluu ya kingo ninayokueleza, basi usivifute.

Cha tatu ni mikanda ya taa. Mkanda wa TV ya QLED ukiungua, ununue wa LED za bluu. Ukiweka za kawaida nyeupe, karatasi itameza bluu iliyomo kwenye weupe huo na picha itatoka ya njano kama taa ya mafuta. Na kinyume chake, TV za kawaida zinazogeuka bluu au zambarau kioo kizima baada ya miaka michache ni ugonjwa mwingine kabisa: hizo zina LED nyeupe, yaani LED ya bluu iliyofunikwa unga wa njano ndani ya silikoni, na unga huo au silikoni yake ndiyo imechoka. Kuzitofautisha si kazi kubwa. Bluu iliyoanzia kwenye kingo na kuingia ndani ni hewa kwenye karatasi. Ikianzia katikati, juu ya kila taa, kama madoa, angalia LED. Na kama huna uhakika karatasi uliyoshika ina nukta au ni ya kawaida ya kusambaza mwanga, imulike gizani kwa taa ya kukagulia noti: yenye nukta itawaka kijani, njano au chungwa, na ukingo uliokufa utauona umefifia, hata kabla haujaonekana kwenye TV. Taa za bluu zenyewe usizitazame moja kwa moja zikiwa zimewaka bila shiti; zinaumiza macho kuliko zinavyoonekana.

Siku hizi zipo TV ambazo karatasi hii haimo kabisa, nukta zimechanganywa ndani ya lile bamba nene la kusambaza mwanga. Hilo limewezekana kwa sababu maganda ya nukta yameboreka na zinavumilia hewa zaidi. Ukifungua TV yenye taa za bluu usiione karatasi ya njano, tazama bamba.

Sasa sumu. Ni kweli, kwa aina moja. Kadimi ni metali hatari: hukaa kwenye figo kwa makumi ya miaka, hudhoofisha mifupa, na imo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Huko Toyama, Japani, watu waliolima na kunywa kwa maji ya mto uliochafuliwa na mgodi waliugua mifupa hadi ugonjwa ukaitwa kwa kilio chao, itai-itai, yaani "inauma, inauma." Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kadimi kwenye vifaa vya umeme kuwa asilimia 0.01 ya uzito wa kila nyenzo iliyomo, mara kumi chini ya kile cha risasi, na hilo ndilo lililosukuma watengenezaji wengi kuhamia fosfidi ya indiamu. Lakini kwa macho huwezi kujua iliyo mikononi mwako ni ipi, na stika ya nyuma ya TV kwa kawaida haisemi. Nakuomba uzichukulie zote kana kwamba zina kadimi.

Kuishika karatasi nzima hakukudhuru. Fuwele zimefungwa ndani ya polima, na polima iko kati ya PET mbili. Hatari ipo kwenye moto na kwenye vumbi. Usiipige msasa, usiikate kwa mashine inayotoa unga, na baada ya kukata kwa wembe futa meza kwa kitambaa chenye maji, unawe mikono kabla ya kula. Na yale mabaki ya inchi 55 yaliyolala kwenye kona ya karakana, tafadhali yasiingie kwenye rundo la plastiki linalochomwa jioni. Kadimi ikiungua inakuwa moshi, na moshi huo unavutwa na wewe, wanafunzi wako na watoto wanaopita. Yaviringishe bila kuyavunja, uyatie kwenye mfuko mzito, uufunge kwa utepe na kuandika juu yake, kisha uyakabidhi kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali pamoja na bodi zako mbovu.